Nati ya Sita
Kwa majuma matatu Hidaya alifanya mazoezi kwenye mashine bandia ya mbao, akifungua nati zake sita mpaka akaziweza hata akifumba macho. Leo yumo handakini, mbele ya mashine yenyewe ya kurusha chembe za atomu, iliyolowa mionzi, inayongoja kukarabatiwa. Kila fundi ana dakika nne tu kabla mionzi haijamdhuru. Nati tano zililegea kama ndotoni. Ya sita ikagoma.

“Hidaya, dakika zimekwisha. Toka!” msimamizi wake, Mzee Kombo, akaita kwenye kipaza sauti.

“Imebaki robo mzunguko tu, mzee!”

“Maneno hayohayo aliyasema marehemu Pandu. Toka, mwanangu.”

Akaiacha spana palepale. Nje, alipovuliwa glavu, vidole vyake vilikuwa bado vinazungusha hewa. Shani, fundi wa zamu inayofuata, akavitazama kwa makini, na polepole vyake navyo vikaanza kuzunguka.