Wekundu wa Ndani ya Mshono

Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, Bi Mgeni hakuwa na kazi nyingine ila kupunguza. Mji mzima ulikuwa umekonda, na kila gauni lililofika kwenye cherehani yake lilitaka kubanwa kiuno.

Leo Mama Hidaya aliingia na gauni alilopunguziwa mwaka juzi.

“Fundi, nifumulie kiuno. Linanibana.”

Bi Mgeni akamkagua. “Una mimba?”

“Mimba gani, na wajukuu nilio nao? Nakula, shoga!”

Bi Mgeni akafumua mshono taratibu. Nje gauni lilikuwa limepauka, lakini pale kitambaa kilipokunjwa wekundu ulikuwa bado unawaka, wekundu uleule wa siku mtaa mzima ulipovaa sare harusini. Akalisogeza mlangoni penye mwanga. Kisha akachungulia barabarani, kama yupo mwingine anayekuja na gauni kwapani.