Mafaili ya Chumba cha Damu

Mstari wa kwanza ulipotokea kwenye kioo cheusi cha kompyuta, Wilhelmina alijua amebakiwa na dakika kama ishirini za kuitwa muuguzi.

"Mfumo mpya hausomi mafaili ya zamani," Projest alieleza huku akiandika. Alikuwa fundi wa kompyuta kutoka Buhongwa, ameitwa na uongozi wa hospitali. "Haya ni ya toleo la miaka ile. Hapa hakuna vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri, programu inayapandisha toleo moja baada ya jingine. Mafaili yapo kumi na manne."

"Na nakala unayo?" aliuliza metroni Evelina, aliyesimama nyuma yao.

"Nakala pekee ndiyo diski hii, mama. Mashine yenyewe ilishakufa. Jana nilijaribu kuinakili, ikagoma. Umeme ukikatika katikati, basi tena."

Akaingiza amri. Faili la kwanza likapita.

Yalikuwa mafaili ya chumba cha damu. Nani aliongezewa damu, kundi gani, saa ngapi, na nani aliyeitundika. Kila muuguzi alikuwa akiingiza kwa namba yake ya siri.

Miaka tisa nyuma, Gladness Mashimba wa Kiseke alijifungua mtoto wa kike katika hospitali hiyo, akapoteza damu nyingi. Wilhelmina, ambaye hakuwa amelala tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, alimtundikia chupa ya damu, kisha akatumwa dirisha la dawa. Aliporudi alimkuta mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Kabla ya adhuhuri Gladness alikuwa amefariki.

Evelina ndiye aliyemvuta pembeni akamwonyesha chupa tupu. Lebo ilisema A. Gladness alikuwa O.

"Nilisoma lebo, mama," Wilhelmina alilia. "Nakumbuka kabisa nilisoma."

"Umechoka, mwanangu. Mtu aliyechoka anakumbuka alichokusudia kufanya, si alichofanya. Sasa nyamaza. Faili lake la karatasi nimeshalichoma. Siri hii nitaondoka nayo duniani."

Wiki ileile kompyuta ya chumba cha damu iliungua. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuyafungua mafaili yake, na Wilhelmina akaanza kumtumikia Evelina. Alimshikia zamu zote za sikukuu. Ilipotokea nafasi ya kwenda kusoma, Evelina alisema afadhali aende mwingine, naye akakubali bila kuuliza. Aliishi Kiseke, na kila asubuhi akienda kazini alipishana na binti wa Gladness amevaa sare ya shule. Binti yule alimwamkia kwa adabu. Wilhelmina aliitikia marahaba akitazama chini.

"La saba hilo," alisema Projest. "Linasuasua kidogo, lakini linakwenda."

Upepo wa ziwani ulikuwa ukiingia dirishani, lakini gauni la Wilhelmina lilikuwa limegandana na mgongo kwa jasho. Evelina akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Waya wa umeme uko hapo mguuni kwako. Uvute. Nitasema mimi ndiye niliyejikwaa."

Wilhelmina aligeuka kumtazama. Midomo ya metroni ilikuwa ikitetemeka, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hakuna mtu aliyewahi kumwonea huruma namna hiyo, hata mama yake mzazi.

Akapitisha ncha ya kiatu chini ya waya.

Faili la tisa. La kumi. Kuvuta mara moja tu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Angerudi nyumbani jioni akiwa bado muuguzi. Na kesho asubuhi angepishana tena na yule mtoto, na keshokutwa, na mwakani, hadi atakapokuwa mwanamke mzima mwenye watoto wake.

Akaurudisha mguu chini ya kiti.

"Mwanangu!" Evelina alinong'ona.

"Nimechoka kuogopa, mama."

La kumi na tatu likapita. La kumi na nne lilisimama kwa muda mrefu, Projest akakunja ngumi, kisha nalo likapita. Mistari ikaacha kutembea.

"Yamekubali yote!" alisema fundi, akajifuta paji la uso. "Ngoja tuhakikishe yanasomeka. Nitajieni tarehe yoyote ile."

"Hakuna haja," Evelina alisema haraka. "Tumekuamini, baba. Twendeni tukanywe chai."

Wilhelmina alifumba macho.

"Tarehe kumi na nne Machi, elfu mbili na kumi na sita," alisema. "Gladness Mashimba."

Projest akaandika.

"Huyu hapa. Kundi lake O," alisoma. "Chupa ya kwanza, O. Saa tatu na dakika kumi. Imetundikwa na Wilhelmina Chenge."

Wilhelmina akafumbua macho.

"Chupa ya pili, A," Projest aliendelea. "Saa nne kasorobo." Akasogeza uso karibu na kioo, akasoma tena kimyakimya, kisha akageuka taratibu. "Mama Evelina, hapa limeandikwa jina lako."