Nani Baba wa Mwanamfalme?

Mlimwona, msijitie hamkumwona. Alhamisi saba mfululizo Shifa alikaa kwenye benchi la ofisi ile ya vitambulisho mjini Amu, kisiwani Lamu, bahasha ya vyeti mapajani, nanyi mkampita macho mmeyatumbukiza kwenye simu. Mlikuwa mkisoma *Taji la Matumbawe*. Kila Ijumaa sehemu mpya hutoka mtandaoni, mwandishi hajulikani jina wala sura, na watu elfu arobaini hugombana wiki nzima juu ya swali moja: nani hasa baba wa Mwanamfalme Kishindo?

Baba wa Shifa hakuwa na shabiki hata mmoja.

Shifa alitoka Mkokoni, kijiji cha kuelekea mpaka wa Somalia, akafikia mtaa wa Wiyoni kwa shangazi yake Kadija, kutafuta kitambulisho. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi. Bila kitambulisho, au walau karatasi ya kukingojea, nafasi ingepewa mwingine. Alileta cheti cha kuzaliwa. Akaambiwa alete kitambulisho cha baba. Akaleta. Akaambiwa alete karatasi za babu. Babu mwenyewe aliulizwa hayo hayo ujanani, akaulizwa uzeeni, akafa. Tangu azikwe zimepita serikali tatu, na swali bado halijazikwa.

Lakini Shifa si mtu wa kununa. Tena alikuwa na kipaji chake: hakuna aliyemweza kwa kubashiri *Taji la Matumbawe*.

"Baba ni Mfalme Tufani," alishikilia Mourine, mwalimu wa kutoka Kisii aliyepanga chumba kwa Kadija. "Mtoto amezaliwa kwa nyumba yake. Mnataka nini tena?"

"Nyumba yake nani?" Kadija aliruka, kofia anayoishona ikamponyoka. "Huyu mwandishi ni mtu wa bara, wallahi! Ati malkia apelekwa kwa mume na sanduku kitwani. Nti hii ya Amu nyumba ni ya mke, mume ndiye aingiaye. Na kama nyumba ni ya malkia, Tufani ni mgeni tu, na wageni huwa wengi!"

Walicheka mpaka majirani wakachungulia.

Alhamisi ya tatu Shifa aliyasema hayo hayo mbele ya Bwana Kirimi, karani wa dirisha la tatu. Huyo alikuwa Mmeru mcheshi, na *Taji la Matumbawe* lilikuwa limemwingia damuni.

"Karibu, daktari wa Kishindo!" humlaki hivyo. Kisha hulivuta faili lake, akafungua kalamu, na Shifa akisema yeye huandika, ukurasa baada ya ukurasa. Shifa alijipa moyo. Faili likinenepa, kazi inakwenda.

Kesho yake ikatoka sehemu ya thelathini na nane. Kumbe jumba lilikuwa la Malkia Ambari, na Mfalme Tufani aliingia humo na mkeka wake kwapani.

"Nilisema!" Shifa alipiga kelele.

"Basi mwandishi ni wa kwetu," Kadija akakiri. "Alikuwa akitupima tu."

Wiki iliyofuata Shifa alibashiri pale dirishani kwamba mfalme alikuwa safarini mwaka mzima kabla ya Kishindo kuzaliwa. Ikawa. Akabashiri kwamba mkunga alihongwa. Ikawa. Mourine akaanza kumwogopa.

"Wewe msichana ni mchawi. Hebu nibashirie uhamisho wangu."

"Nibashiri yako, na yangu yamenishinda?"

Alhamisi ya saba alikwenda na Kadija. Chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu.

"Bwana Kirimi, leo ni leo," alisema. "Nimebakiwa na siku nne."

"Tutaangalia. Kwanza niambie, baba ni nani?"

"Wangu au wa Kishindo?"

"Wa Kishindo! Wako tutamfikia."

Kadija alisonya. Shifa akavumilia, akaeleza. Baba ni mchonga milango. Ua alilolichonga juu ya mlango wa jumba ndilo lililochongwa kwenye susu, kitanda cha kumbembelezea mtoto, na fundi hachongi ua lake kwa mtoto wa mtu mwingine. Wala hakuingia kwa kuiba. Malkia alimfungulia kwa mkono wake.

Kalamu ya Bwana Kirimi ilikimbia. "Hapo umenimaliza," alisema. "Ushahidi kama huo nani ataupinga?"

"Na wangu? Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba, mashahidi watatu, na imamu."

"Wako una kasoro kidogo. Hizo karatasi za babu. Rudi Alhamisi."

"Alhamisi chuo kitakuwa kimenifungia mlango!"

"Sasa, Shifa, nikikupa kitambulisho leo, si utaenda zako? Hapa mimi nitabaki na nani wa kuongea naye?" Alicheka, lakini hakumtazama usoni. Mkubwa wake akamwita chumba cha pili, akaenda mbio, faili likabaki mezani.

"Lifungue," Kadija alinong'ona. "Baba yako yumo mle. Tuione hiyo kasoro."

Shifa alilifungua. Cheti chake kilikuwa chini kabisa, hakijaguswa. Juu yake kulikuwa na kurasa sitini kwa mwandiko wa Bwana Kirimi, na ile ya mwisho wino ulikuwa haujakauka: *Sehemu ya Arobaini na Mbili. Malkia Ambari akamfungulia mchonga milango kwa mkono wake, akasema, "Ingia, nyumba ni yangu."*

Shifa aliipiga picha, akawatumia wote elfu arobaini kwenye ukurasa ule wanakogombania, na chini yake akaandika: "Kesho msisome. Inukeni hapo mlipo, mwandishi wenu yuko ofisi ya vitambulisho, Amu, njooni dirisha la tatu sasa hivi, kabla hawajafunga!"