Kufuli la Tatu

"Pesa ni zangu, zikizama nazama nazo mimi!" Husna alisema, simu mkononi, bei ya sarafu ya mtandaoni aliyotaka kuinunua ikipanda machoni pake. "Nipeni fungu langu leo hii!"

Wenzake wa chama cha wakulima wa mwani pale Kibuyuni wakatazamana. Asubuhi redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali haizitambui sarafu hizo, na atakayeliwa asiilaumu.

Husna alikuja na majibu tele. Hakuna aliyembishia.

Mwenyekiti alifungua kufuli lake. Mweka hazina akafungua lake. Sanduku la akiba likabaki na kufuli moja.

"Hamnizuii?" Husna alicheka.

"Tukuzuie sisi nani, mwanangu?" mwenyekiti alisema. "Fungua."

Ufunguo wa tatu ulining'inia shingoni mwake mwenyewe, kwenye kipande cha kamba ya mwani. Ni yeye aliyelidai kufuli hilo mwaka jana, akasema mtu akipandwa na tamaa anahitaji mwenzake wa kumshika mkono.

Akauchomeka ufunguo. Akangoja.

Hakuna aliyemshika mkono.