Kaimati za Bi Saumu

Siku hizi sheria inasema mke harudishwi kwao kwa ugonjwa wa kurithi mpaka ugonjwa wenyewe uamke. Ugonjwa wa Mwanakombo, wa ini lisiloiweza sukari, ulikuwa umelala bado. Jeni za upande wa babake ndizo zilizoubembeleza, mradi asiguse kitu kitamu.

Siku ya Idi nyumba ilifurika mashoga na majirani wa kike, na mama mkwe, Bi Saumu, aliyemchoka zamani, akamwekea sahani ya kaimati zinazochuruzika shira ya sukari.

“Kula, mwanangu. Au mkono wangu una sumu?”

“Nimeshiba, mama.”

“Kashiba maringo,” akadakia jirani, ukumbi ukaangua kicheko.

Mumewe akainama, akichokonoa kucha. Mwanakombo akatia moja mdomoni ili wanyamaze. Alipoinua macho, aliliona sanduku lake mlangoni, limeshafutwa vumbi.