Kindi na Mashine ya Kupanga Zamu

Msitu ulipopata hospitali yake ya kwanza, sheria ilikuwa kali: aliyechoka asiguse mgonjwa wala kifaa. Basi Kindi, fundi aliyejiona ana akili kuliko msitu mzima, akaunda mashine ya kupanga zamu za wauguzi. Aliiunda bila kulala, maana usingizi aliuona ni wa wavivu.

Siku ya ukaguzi akaja Kiboko, mkaguzi asiyejua kucheka. "Mashine ikishindwa kumtambua aliyechoka, naifunga hospitali," alisema.

"Mzee, hii haikosei," Kindi alijigamba, huku akichovya mkia wake kwenye chai akidhani ni andazi.

Mashine ikawatazama wote, kisha ikatamka: "Wauguzi wako sawa. Kindi atoke akalale."

"Mimi ndiye niliyekuunda!" Kindi alifoka. "Ngoja nikurekebishe."

"Aliyechoka haruhusiwi kugusa kifaa. Ulinifundisha mwenyewe."

Kiboko akaipitisha mashine, akacheka mpaka akakaa chini.

Kindi akatoka akikamua mkia. "Nilikuwa najiuliza akili zangu zimekwenda wapi," alimwambia bawabu. "Kumbe zote nimeziacha mle ndani ya mashine."