Mbuzi Mwenye Mvukuto

Zamani, milima ilipokuwa ikisinzia na mawingu kichwani, Kanga alitafuta wa kumvushia vifaranga kumi na wawili mlima usio na maji. Alikuwa na kibuyu kimoja tu cha maji.

"Mimi nitakunywa nusu yake," alisema Fahali.

"Mimi mafunda matatu!" alisema Mbuzi. Puani alijifunga mvukuto wa mhunzi. Pumzi aliyoitoa iliusukuma, nao ukamrudishia upepo maradufu. Kanga akamjaribu uani, mgongo mtupu. Mbuzi akateleza kama ndoto, akanywa mafunda matatu kweli.

"Kwaheri, Bwana Tumbo," Kanga akamwambia Fahali.

Wakapanda. Vifaranga walilala mgongoni, mlima ukaelea ukunguni. Mvukuto ulivuma, Mbuzi akapaa, na kila alipopaa alikunywa. Nusu ya njia kibuyu kikakauka, vifaranga wakaamka na kiu.

"Mwongo wewe! Si ulisema mafunda matatu?" Kanga akafoka.

"Bibie, ulinijaribu nikiwa bila mzigo."

Fahali akatokea taratibu, akienda zake, kibuyu chake mwenyewe shingoni, nusu yake bado maji. Akawanywesha vifaranga, akawabeba. Kanga akafuata kwa miguu.

Nanyi mnaosifia gari la injini ndogo lenye turbo, pakieni watoto kwanza, ndipo mlijaribu mlimani.